Vizibo vya masikio kwa mwanabodaboda: Usikimbilie namba kubwa

Wanabodaboda wa Pwani wameshazoea kuambiwa wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, wao na abiria wao, kwa sababu ndivyo sheria ya trafiki inavyotaka. Habari za masikio hazitajwi. Ilhali anayebeba watu na mizigo kila siku kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, au ya Likoni kwenda Lunga Lunga, anaweza kuwa anapoteza usikivu wake kidogo kidogo, bila maumivu wala damu. Akija kugundua, hakuna dawa ya kuurudisha.

Kinga yake ni kitu kidogo kinachokaa kwenye mfuko wa shati: vizibo vya masikio. Shida iko kwenye kuchagua. Mtu hununua vya kwanza anavyoviona, vikamuuma au vikachomoka, akavitupa. Mwingine havigusi kabisa kwa kuogopa kwamba hatasikia honi ya lori. Tuyatazame yote mawili.

Kelele inatoka wapi

Wengi hudhani adui ni injini au ile salensa iliyotobolewa ili pikipiki ingurume. Mjini ni kweli, hizo zina mchango wake, pamoja na honi za matatu na spika za muziki. Lakini ukishapita mwendo wa kilomita 65 hivi kwa saa, kelele kubwa inayofika sikioni ni ya upepo unaopiga helmeti, hasa ukingo wake wa chini karibu na shingo. Helmeti imeundwa kulinda fuvu. Haikuundwa kuzuia kelele, na ikiwa imelegea kichwani au kioo chake kimeachwa wazi, upepo unavuma zaidi.

Vipimo vya watafiti vimeonyesha kwamba kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kelele ndani ya helmeti hufika takriban desibeli 90, na ukifika kilomita 100 na ushei inakaribia desibeli 100. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na desibeli 100 ni dakika 15 tu.

Piga hesabu ya safari ya Malindi. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 120. Ukienda kwa mwendo wa 80, ni saa moja na nusu. Kwenda na kurudi ni saa 3, na kwa kelele ya desibeli 91 muda wako wa siku ulikwisha ukiwa bado njiani. Hapo hujahesabu kazi ya mjini jioni.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zinasema mfanyakazi asiwekwe kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kiwandani yupo mwajiri wa kuulizwa. Kwenye pikipiki, atakayekulinda ni wewe mwenyewe.

Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele huviua, na kwa binadamu havioti tena. Dalili ya mwanzo ni mlio masikioni baada ya safari, au kusikia sauti za watu kana kwamba umejitosa majini. Asubuhi hali hupoa, mtu akadhani amepona. Miaka ikipita huanza kupoteza sauti nyembamba: maneno ya mtoto, herufi kama s na f, mlio wa simu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Aina zilizopo

Vya sponji ndivyo rahisi zaidi. Vinapatikana kwenye maduka ya dawa na yale ya vifaa vya usalama kazini, na kwa kawaida jozi moja haifikii bei ya lita ya petroli. Vinazuia kelele nyingi na vinajaza sikio vizuri. Ubaya wake ni kwamba vinachafuka upesi, hasa kwa jasho la huku kwetu, na asiyejua kuvitia hapati faida yake. Ni vya safari ndefu.

Vya silikoni vyenye madaraja, vinavyofanana na mti mdogo wa miavuli, havihitaji kubinywa. Unavisukuma, vinakaa. Vinaoshwa kwa maji na sabuni na kutumika kwa miezi. Vinamfaa anayevaa na kuvua mara nyingi kwa siku, ingawa wengine huona vinawasha sikio.

Vyenye chujio ni vya silikoni pia, lakini vina kitundu kilichowekewa kichujio. Hupunguza kelele kwa kiasi na kuacha sauti za watu zikisikika kwa uwazi zaidi. Bei yake ni ya juu, lakini ndivyo vinavyofaa zaidi kwa anayetoka mjini akaingia barabara kuu kisha akarudi mjini.

Vya kuchongwa kwa umbo la sikio lako hutengenezwa na wataalamu wa usikivu. Vinakaa vizuri kuliko vyote, lakini ni ghali.

Pamba isikudanganye, haizuii kelele ya maana. Vile vya nta laini vya waogeleaji ni vya kuzuia maji. Na spika za masikioni za simu si kinga: upepo unavuma, nawe unapandisha muziki ili uushinde, kwa hiyo sikio linapigwa na vyote viwili.

Namba kwenye pakiti

Pakiti huandikwa NRR kwa kipimo cha Marekani, au SNR kwa kipimo cha Ulaya. Namba hiyo ilipatikana maabara, kwa kizibo kilichovaliwa sawasawa. Kwa matumizi ya kawaida, Wamarekani huitoa 7 kwenye NRR kisha hugawa kwa 2. Kizibo cha NRR 33 kinabaki na desibeli 13 tu.

Usivunjike moyo. Kelele ya 95 ikipungua kwa 13 inabaki 82, chini ya ile 85. Kwa hiyo huhitaji namba kubwa kuliko zote dukani. Kizibo cha namba ya wastani kilichoziba vizuri kinamshinda cha namba kubwa kilichoning'inia mlangoni mwa sikio.

Kuvitia inavyotakiwa

Nawa mikono kwanza. Mafuta ya cheni na vumbi havina kazi sikioni. Kisokote kizibo cha sponji kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia yake inyooke, tia, kisha kishikilie kwa sekunde 30 hadi 40 kikivimba. Sauti yako mwenyewe ikibadilika na kuwa nzito, umefaulu.

Hakikisha hakitokezi nje, maana helmeti itakikandamiza na kukuumiza, au itakichomoa. Epuka vyenye kamba, kwani chini ya helmeti kamba inasumbua. Kama sikio ni jembamba, tafuta saizi ndogo. Usiazimane na mwenzako wa steji. Anayetokwa na usaha, anayeumwa na sikio au aliyetoboka ngoma ya sikio asivae kabla ya kumwona daktari.

Je, honi nitaisikia?

Ukiwa kasi, upepo unafunika sauti zote. Kizibo kinapunguza upepo na honi kwa pamoja, kwa hiyo honi iliyokuwa na nguvu ya kuushinda upepo bado itaushinda, na sikio ambalo halijalemewa huitambua vizuri. Mjini ni habari nyingine. Kwenye mwendo wa kilomita 30, katikati ya tuktuk na wapita njia, sponji nzito inaweza kukuficha mambo, na abiria akisema "shusha hapa" usimsikie. Hapo vua, au tumia vyenye chujio. Aliyekwisha kupungukiwa na usikivu aombe ushauri kwanza. Na kila mtu aanze kuvijaribu kwenye barabara fupi anayoijua.

Kuna jambo moja tusilifiche. Pikipiki nyingi zimeng'olewa vioo vya pembeni, na dereva anategemea masikio kujua kinachokuja nyuma. Kama hiyo ndiyo sababu ya kukataa vizibo, basi rudisha vioo.

Kwa vyama vya bodaboda, hili si jambo la kungoja mfadhili. Sponji huuzwa kwa maboksi, mara nyingi ya jozi 200, na kununua kwa pamoja hushusha bei. Hela za mchango wa wiki moja zinaweza kuitosha steji kwa muda mrefu. Aanze anayekwenda mbali kila siku.