Roka Iliyopinda na Chanzo Chake

Roka ni mkono mfupi wa chuma unaocheza kwenye shafti juu ya silinda hedi. Pushirodi huusukuma upande mmoja kutoka chini, na upande wa pili hubonyeza valvu ikafunguka. Injini ya 300Tdi ya Land Rover, yenye silinda 4, ina roka 8, moja kwa kila valvu.

Mkono huo haupindi bila sababu. Aghalabu valvu imegonga pistoni au imekwama, huku kemushafti ikiendelea kusukuma, na chuma kilicho dhaifu zaidi ndicho kinachopinda. Kwenye 300Tdi kwa kawaida ni pushirodi, baada ya mkanda wa taimingi kukatika. Kwa gari la Kinyangiri, wilayani Mkalama, vumbi la Singida ni sababu tosha ya kubadili mkanda mapema. Halafu upo mteremko wa Sekenke, barabara ya kwenda Nzega. Dereva akiushuka kwa kasi huku gia ikiwa ndogo mno, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu hata ikikata dizeli haiizuii. Valvu huchelewa kurudi, pistoni ikazikuta njiani.

Mlio wa kugongagonga juu ya injini na nguvu kupungua ni dalili za kutosha kusimamisha gari. Ikiwa mkanda umekatika, starta isiguswe.

Injini ikishapoa, bolti za shafti hulegezwa kidogo kidogo kwa zamu, kwa kuwa springi za valvu zinaisukuma. Kila pushirodi huwekewa namba, maana vyuma vilivyozoeana hurudishwa pamoja. Ikiviringishwa juu ya kioo, iliyopinda hurukaruka. Hapo kishawishi cha nyundo ni kikubwa, hasa spea ikiwa mpaka Singida mjini, lakini isinyooshwe: chuma kilichopinda hubaki dhaifu palepale, na roka iliyonyooshwa huweza kuficha ufa. Hununuliwa mpya.

Kabla ya kufunga, matundu ya oili kwenye shafti huzibuliwa na silinda hupimwa kama zinavuja. Silinda ikivuja, yaelekea valvu yenyewe imepinda na hedi lazima ishushwe. Mwisho huwekwa nafasi ya tapeti, kati ya roka na valvu, milimita 0.20 kwa filagegi, injini ikizungushwa kwa spana. Mafundi hutumia hesabu ya 9: valvu ya 8 ikifunguka kabisa hupimwa ya 1, ya 6 ikifunguka hupimwa ya 3, na hivyo hivyo hadi zote 8 ziishe.