Moto, Sheria na Mlango Uliofungwa



Mwezi Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa bweni lao lilipoteketea katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Septemba 2024 msiba ulirudi Nyeri: wavulana 21 wa Hillside Endarasha Academy walipoteza maisha. Tunaolala mabwenini hatuwezi kuyasoma haya kama habari za mbali.

Katika falsafa tunafundishwa kutofautisha visababishi. Moto wa Kyanguli uliwashwa kwa makusudi, na aliyeuwasha ana hatia yake. Lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Kilichowasha moto ni jambo moja. Kilichowazuia watu kutoka ni jingine. Sheria inamwajibisha msimamizi hasa kwa hilo la pili, kwa sababu liko mikononi mwake.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, pamoja na kanuni za mwaka huohuo za kupunguza hatari za moto, haiishii viwandani. Parokia yenye mpishi, katibu na mlinzi ni mahali pa kazi. Wajibu unamwangukia yule anayelitumia na kulisimamia jengo. Yeye ndiye wa kuhakikisha kwamba njia za kutokea ziko wazi, mitungi ya kuzimia moto inafanya kazi, watu wamefundishwa kuitumia, na mazoezi ya kutoka jengoni yanafanyika angalau mara moja kwa mwaka.

Kwa mabweni ya shule, mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu wa 2008 unaeleza zaidi. Milango iwe na upana wa futi 5, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2, na ujia uwe na mita 2. Mlango wa dharura uwepo katikati ya bweni.

Wapo watakaosema: tukiacha milango bila kufuli, wezi wataingia. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni mlinzi, taa na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Mali iliyoibwa hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, linalotolewa na mwenye jukumu la kuitunza jumuiya. Basi kuitii sheria ya moto si kumwogopa mkaguzi, ni kuitunza jumuiya tuliyokabidhiwa. Wala tusimtwike Mungu kazi yetu kwa kusema ajali haina kinga.

Tunawaomba halmashauri za parokia na viongozi wa mabweni waulize wiki hii: Ufunguo wa mlango wa pili uko kwa nani? Mtungi ulikaguliwa lini? Usiku wa Mkesha wa Pasaka, kanisa likijaa na kila mkono umeshika mshumaa, ni milango mingapi iko wazi? Likikosekana jibu, kazi ianzie hapo.