Gurudumu Kubwa na Mikono Iliyolitengeneza

Jioni moja baada ya mafunzo ya tawi letu, kijana wa karakana ya kiwanda cha chai alituonyesha picha aliyoikata katika kalenda kuukuu. Ilikuwa picha ya baiskeli ya zamani: gurudumu la mbele linamfika mtu mzima kifuani, la nyuma ni dogo kama la toroli, na mwendeshaji amekaa juu kama mtu aliyepanda mti. Vijana wakacheka sana. Mmoja akauliza, "Ni mjinga gani aliyeunda kitu hiki?"

Alikuwapo kati yetu mzee mmoja, fundi mitambo, aliyebakiza miezi 4 astaafu. Yeye hakucheka. Aliishika picha, akaisogeza kwenye taa, akasema, "Mbona haina mnyororo? Bila mnyororo, mwendo angeupata wapi kama si katika ukubwa wa gurudumu?"

Mzee hakuwahi kuiona baiskeli ile maishani mwake, lakini aliisoma kama barua. Tukaona vema tuwaeleze wenzetu habari yake, maana ina somo kwetu.

KWA NINI LIKAWA KUBWA

Katika baiskeli ile pedeli zimefungwa kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Ukizungusha miguu mara 1, gurudumu nalo huzunguka mara 1 tu. Gurudumu la inchi 52, yaani sentimita 132 hivi, husogea zaidi kidogo ya mita 4 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo aliyetaka mwendo alitaka gurudumu kubwa, na mpaka wake ulikuwa urefu wa miguu yake mwenyewe. Baiskeli ilipimwa mguuni kama suruali kwa fundi cherehani.

Hatari yake ilikuwa kuanguka kichwa mbele. Mwendeshaji amekaa karibu juu ya ekseli. Gurudumu likigonga jiwe, au akikaza breki kwa nguvu, anapinduka juu ya usukani.

WALIOIUNDA

Mji wa Coventry, Uingereza, ulikuwa mji wa wafumaji wa utepe wa hariri na wa mafundi saa. Mwaka 1860 serikali yao ilifanya mkataba wa biashara na Ufaransa. Utepe wa kigeni ukaingia bila ushuru, na wafumaji kwa maelfu wakakosa kazi. Wengine walihama, wengine wakabaki na njaa. Katika miaka hiyo kilianza mjini humo kiwanda cha vyerehani, na mwaka 1869 kiwanda hicho kikageukia pia baiskeli.

Msimamizi wake, James Starley, alikuwa mtoto wa mkulima aliyewahi kufanya kazi ya bustani. Mwaka 1870 yeye na William Hillman waliandikisha baiskeli ya chuma yenye spoki nyembamba za waya. Mwaka 1874 Starley akaandikisha spoki zinazokishika kitovu cha gurudumu kwa ubavu. Tazama baiskeli yako ya kwendea shamba: spoki zake zimepangwa kwa namna hiyo hiyo.

Starley alifariki mwaka 1881, na mwaka 1884 mji ukamjengea sanamu. Hatumnyimi heshima yake. Lakini wale waliokereza ekseli, waliopinda rimu na kukaza spoki moja moja hawana sanamu. Sahihi yao imo katika chuma chenyewe.

KUIFUFUA

Leo wako watu Ulaya, Marekani na Australia wanaozifufua baiskeli hizi na kuziendesha. Huko Evandale, katika kisiwa cha Tasmania, mashindano yake yalianza mwaka 1983. Kazi yenyewe si ya pupa.

Kwanza, fundi hafungui kitu. Anapiga picha, anapima, anaandika namba zilizogongwa kwenye chuma. Akishafungua bila kuandika, amekwisha kuipoteza habari.

Pili, kutu. Spoki nyingi za wakati ule zilikatwa nyuzi kama skrubu na kufungwa ndani ya kitovu. Ukiilazimisha iliyoshika kutu, inakatika, na kipande kinabaki ndani mpaka kitobolewe kwa keekee. Dawa yake ni mafuta mepesi, moto kidogo na subira.

Tatu, rangi. Rangi za kale huenda zina risasi, nayo ni sumu. Msishike msasa mkavu. Lowesheni kwanza, zibeni pua na mdomo kwa barakoa inayofaa, na mnawe mikono kabla ya kula. Neno hili liwafae hata wanaokwangua mashine kuukuu kiwandani.

Nne, tairi. Hazina hewa ndani. Ni mpira mtupu ulioshikishwa kwenye rimu kwa gundi. Mafundi wengi wa sasa hutumia mpira wenye waya katikati, wakaukaza waya huo na kuunga ncha zake.

Mwisho ni kuirekebisha imfae mwendeshaji. Gurudumu halipunguzwi, ila kwenye baiskeli nyingi mikono ya pedeli ina mwanya mrefu, na pedeli husogezwa juu au chini kufuata mguu. Kiti hubadilishwa, na vishikio vya usukani, ambavyo vingine vilikuwa vya pembe, huchongwa vipya. Mafundi wazuri wana kanuni moja: badili kile kinachoweza kurudishwa, usikate cha kale. Wako wanaopenda kuing'arisha yote kama sufuria mpya. Sisi tunaungana na wale wanaoziacha alama za tupa ya fundi wa kwanza.

MPIRA NAO

Mwaka 1885 John Kemp Starley, mpwa wake yule wa kwanza, alitoa baiskeli ya mnyororo yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaandikisha tairi ya hewa huko Belfast. Gurudumu kubwa likaachwa. Baadaye bei ya baiskeli ikashuka hata mfanyakazi akaweza kununua.

Lakini tairi zilitaka mpira, na mpira ulitoka kwa watu. Jirani zetu wa Kongo, chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili tangu 1885 hadi 1908, walilazimishwa kuugema porini. Vijiji vilichomwa moto, watu walikatwa mikono. Gurudumu lililoipa kazi mikono ya Coventry liliikata mikono ya Kongo. Sisi tulio mashambani na viwandani tusiitazame mashine yoyote bila kuuliza: nani aliyeiunda, na nani aliyeilipia?

SOMO KWETU

Sasa turudi kwa mzee wetu. Miaka 31 ametengeneza mashine za kukaushia chai. Anajua kwa sikio ni beringi ipi inakaribia kufa. Tulipouliza nani amewekwa chini yake ajifunze, tulijibiwa kwamba hakuna fungu la mwanafunzi wa kazi. Mashine ikiharibika ataitwa mtaalamu kutoka mjini. Basi ujuzi wa miaka 31 utatoka langoni siku moja, pamoja na kapu lake la chakula.

Wanaofufua gurudumu kubwa hawana wa kumwuliza. Wote waliolitengeneza wamekufa, nao wanabaki kubahatisha kwa kutazama kutu. Sisi bado tunaye wa kumwuliza. Tutakuwa watu wa ajabu tukimwacha aende kimya.

Kwa hiyo tunayaomba matawi yote mambo mawili. Andikeni majina ya mafundi watakaostaafu mwaka huu na ujao, na kazi anayoijua kila mmoja. Kisha, katika mkutano wa mkataba wa mishahara, dai la wanafunzi wa kazi wanaolipwa liwekwe mezani pamoja na dai la nyongeza, lisiachwe kuwa la mwisho.

Kijana wa kalenda hakungoja mkataba. Siku hizi, kengele ikilia, humkuta mzee chini ya mwembe na baiskeli ya tawi imepinduliwa magurudumu juu. Juzi alikaza spoki peke yake. Mzee akalizungusha gurudumu, akalitazama likizunguka mpaka likasimama, akasema, "Bado linayumba kidogo. Rudia."

Akarudia.