Tanzania: Kwa nini sinema imekuwa anasa kwa familia

DAR ES SALAAM – Baba na mama wenye watoto watatu wanaotaka kwenda kutazama filamu mpya Jumamosi jioni hulazimika kupiga hesabu kabla ya kuwaahidi watoto. Kiingilio kikiwa shilingi 10,000 za Tanzania kwa kila mtu, tiketi tano pekee ni shilingi 50,000. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma, baada ya nyongeza iliyoanza Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Jioni moja ya sinema humeza sehemu ya kumi ya mshahara huo, na hapo bado bisi, soda na nauli. Filamu ikimalizika usiku, kugombania daladala na watoto wanaosinzia si jambo jepesi, hivyo bajaji huingia katika hesabu. Na huyo ni mwenye mshahara. Mchuuzi wa sokoni hana hakika hata ya kipato cha kesho.

Baadhi ya majumba hushusha kiingilio katikati ya wiki. Siku hizo watoto huwa na shule.

Mambo hayakuwa hivi miaka ya 1950 na 1960. Dar es Salaam ilikuwa na majumba kama Empire, Avalon, Empress na Odeon, na mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake kuhusu sinema nchini humo kilichapishwa mwaka 2018, ameonesha kwamba kwenda sinema kulikuwa burudani ya watu wa kawaida mijini. Ukumbi mmoja uliweza kuchukua mamia ya watu, wenye kipato kidogo wakikaa katika viti vya bei nafuu. Zanzibar kulikuwa na maonesho maalumu ya wanawake. Mwaka 1966 jiji la Dar es Salaam likapata sinema ya uwanjani, ambako watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari na familia zilibeba chakula kutoka nyumbani. Mahali hapo leo ndipo ulipo ubalozi wa Marekani.

Unafuu ule ulikuwa na sababu zake. Watazamaji wengi waligawana gharama za ukumbi mmoja, na nakala moja ya filamu ilitumika sana. Zanzibar majumba mawili yaliweza kuonesha filamu ileile usiku mmoja kwa nakala moja tu: sehemu ya kwanza ya mkanda ikimalizika huku, mtu wa baiskeli aliikimbiza kule.

Baiskeli hiyo haina kazi tena. Filamu za sasa hufika zikiwa faili la kidijitali lenye kufuli, ambalo hufunguka katika projekta iliyoidhinishwa tu na kwa muda uliokubaliwa. Projekta yenyewe huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Kumbi nyingi, zikiwa ndogo, zimehamia katika maduka makubwa yenye kodi ya juu ya pango, na viyoyozi havizimwi. Tanzania Bara hutoza asilimia 18 ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kisha msambazaji wa filamu huchukua fungu lake la mapato ya tiketi, ambalo katika biashara hii duniani mara nyingi hukaribia nusu, na filamu inapokuwa mpya huweza kuzidi.

Ndiyo maana bisi ni ghali. Mahindi, mafuta na chumvi ni vitu vya bei ndogo, na mapato yake hayagawanywi na msambazaji. Faida ambayo tiketi haiwezi kuleta hutafutwa katika kopo la bisi na bilauri ya soda, na ndiyo sababu mlangoni familia huambiwa kuwa chakula cha nyumbani hakiruhusiwi. Mzazi aliyepika sambusa huziacha kwenye begi.

Njia ya bei nafuu ipo, nayo ni kibanda umiza, kama Watanzania wanavyokiita: chumba chenye mabenchi na televisheni, ambapo kwa shilingi mia chache mtu hutazama mpira au filamu ya kigeni iliyotiwa maelezo ya Kiswahili. Lufufu alijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo ya kutia maelezo. Uganda vibanda vya namna hiyo vina wasimulizi wao wa Kiganda. Kwa mtu asiyejua Kiingereza, huenda kibanda kikampa filamu inayoeleweka kuliko ile ya ukumbi wenye kiyoyozi.

Lakini kibanda ni mahali pa wanaume na vijana. Joto ni kali, sigara hazikosekani, na mama hawezi kuketi humo na binti zake bila kutazamwa yeye badala ya filamu. Hivyo bei inayoilingana familia ipo mahali ambapo familia haikai, na ukumbi unaoifaa umezidi uwezo wake. Jumamosi jioni baba huenda kibandani kutazama mpira, na watoto hubaki na mama mbele ya televisheni ya nyumbani, ikiwa umeme upo.