Moto hauzimwi kwa maji tu

Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa Buhaya, mkoani Kagera, walitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa tanuri lililopulizwa hewa iliyokwisha kupata moto. Wataalamu wamebishana kuhusu hewa hiyo, lakini viriba vya kupulizia moto havina ubishi. Mhunzi alijua moto unaishi kwa vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto na hewa.

Fundi wa Kamachumu, Buhaya hiyohiyo, leo, awe wa gereji ya bodaboda au wa mashine ya kukoboa kahawa, anahitaji elimu hiyohiyo kinyumenyume. Ondoa kimoja, moto unakufa. Mchanga hunyima hewa, maji hupoza, kufunga valvu ya mtungi wa gesi humaliza cha kuungua.

Kosa letu kubwa ni kukimbilia ndoo kwa kila moto. Petroli huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka, ikisafiri nayo. Mafuta ya kukaangia ni hatari zaidi: maji huzama chini yake, hugeuka mvuke unaotanuka karibu mara 1,700, na kuyarusha usoni kwako. Zima jiko, funika karai, usilisogeze. Ndiyo maana zimamoto hugawa moto kwa madaraja: A ni mbao, nguo na karatasi, B ni vimiminika kama petroli. Mtungi wa kuzimia moto wenye maji ni wa A. Wa poda ulioandikwa A na B unafaa madaraja yote mawili. Wa gesi ya kaboni dioksidi ni mzuri penye umeme. Soma maandishi ya mtungi kabla ya siku yenyewe. Siku hiyo utavuta pini, utaelekeza kwenye kitako cha moto, utaminya na kufagia.

Baridi ya Kamachumu nayo isikudanganye. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na hutambaa chini kwa chini hadi ukute jiko la mkaa.

Na mlango wa kutokea je, uko wazi? Septemba 14, 2020, wanafunzi 10 walifariki bweni lilipoungua katika shule ya Byamungu, Kyerwa, mkoani humuhumu Kagera. Gunia la kahawa lililoziba njia ya kutokea ni hatari zaidi kuliko kukosa mtungi.

Kama unauza petroli ya chupa, hamisha jiko leo. Moto ukikushinda, toka kwanza, kisha piga 114.