Tope la Mweka ndani ya beringi

Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hushukia Mweka, na siku ya mwisho hupita kwenye msitu wenye utelezi. Jioni buti zilezile zinaingia hotelini Moshi mjini. Tope likikauka huwa vumbi laini la udongo wa volkano, linalosugua chuma kama msasa. Asubuhi mashine ya kuosha sakafu inalikoroga na maji ya sabuni, na magurudumu yake yanaukanyaga mchanganyiko huo kutwa nzima.

Ndiyo maana beringi za mashine hizi, kwa nilivyoziona mezani kwangu, hazifi kwa uzito. Zinakufa kwa kunywa maji. Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, katikati gololi zenye grisi. Maji ya sabuni yakipenya sili, yaani kizibo cha ubavuni, grisi inageuka uji wa kijivu, kutu inaingia, gurudumu linaanza kucheza na mashine inavuta upande mmoja. Kupima ni rahisi: inua gurudumu, lizungushe kwa mkono mmoja, mwingine ushike ekseli. Mkwaruzo utausikia vidoleni kabla ya masikioni.

Usikimbilie kuagiza spea Dar es Salaam. Futa ubavu wa beringi usome namba. Tuseme ni 6203-2RS. Tarakimu mbili za mwisho, 03, zinataja tundu. 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04 unazidisha kwa 5, kwa hiyo 04 ni 20 na 05 ni 25. Basi 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12, iwe imetoka Uswidi, Japani au China. Muuza spea za pikipiki anaielewa lugha hiyo. 2RS ni sili za mpira pande zote mbili. Akikupa ZZ, mrudishie: hizo ni ngao za bati, hazizuii maji.

Kazi yenyewe si ndefu. Chomoa betri, egemeza mashine kwenye vipande vya mbao, fungua nati, toa klipu, kisha igonge beringi ya zamani kutoka upande wa pili, kidogo kidogo kwa kuzunguka. Hiyo piga unavyotaka, imeshakufa. Mpya ndiyo ya kuhurumia. Ukiiingiza kwenye gurudumu, gonga pete ya nje tu, ukitumia soketi ya spana inayokaribia upana wake. Nyundo ikitua kwenye pete ya ndani, kishindo kinapita kwenye gololi na kuacha vishimo usivyoviona. Baada ya wiki chache mashine inavuma, na lawama anabebeshwa muuzaji. Nami niliwahi kumlaumu hivyo, bure.

Bushi, kile kibomba kinachokaa kati ya beringi mbili za gurudumu, isisahaulike sakafuni. Bila bushi, nati ikikazwa inabana pete za ndani na gurudumu linakataa kuzunguka.

Na ukienda dukani, nunua mbili. Kila gurudumu la namna hii lina beringi mbili, na zote zimekunywa maji yaleyale.