Abdul Kalam: Mtoto wa Imamu Aliyerusha Roketi



Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, hutujia hapa madrasa wazazi wa namna mbili. Wa kwanza huomba mtoto wao apunguziwe vipindi vya chuoni ili apate nafasi ya tuisheni. Wa pili husema mtoto amefeli, shule sasa basi, na abaki na msahafu wake tu. Wote wawili wanaona kwamba elimu hizi mbili zinagombania kichwa kimoja, na ikiingia moja nyingine sharti itoke. Kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili ya watoto wao, mwaka huu tumechagua kueleza habari za mhandisi mmoja wa India ambaye wengi wenu mmelisikia jina lake, lakini pengine hamkupata kusimuliwa alivyokua.

Naye ni Avul Pakir Jainulabdeen Abdul Kalam. Alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1931 huko Rameswaram, mji uliopo kisiwani kusini kabisa mwa India, upande unaoelekeana na Sri Lanka. Wahindu huuendea mji huo kuhiji katika hekalu lao kubwa. Baba yake, Mzee Jainulabdeen, alikuwa na mashua ya kuvushia mahujaji hao hadi Dhanushkodi, na papo hapo alikuwa imamu wa msikiti wa mtaani kwao. Hakusoma sana shule, wala hakuwa tajiri. Jioni akitoka kuswalisha alikuta watu wa dini mbalimbali wamemngoja nje na vyombo vya maji awasomee dua, wapelekee wagonjwa wao.

Sasa sikilizeni jinsi siku ya mtoto huyu ilivyokuwa. Aliamka saa kumi alfajiri, akaoga, akaenda kwa mwalimu wa hesabu. Mwalimu huyo alikuwa akifundisha wanafunzi watano kwa mwaka bila malipo, na sharti lake lilikuwa moja tu: anayefika hajaoga arudi kwao. Saa kumi na moja alirejea, baba yake akampeleka kuswali na kusoma Qur'ani. Akitoka chuoni alikwenda kuchukua magazeti, akayagawa mji mzima, kisha ndiyo akaenda shule. Jioni alizunguka tena kukusanya pesa za magazeti.

Hiyo kazi ya magazeti nayo ina kisa chake. Ilikuwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na treni ilikuwa imeacha kusimama Rameswaram. Mafurushi ya magazeti yakawa yanatupwa kutoka kwenye treni inayokwenda. Binamu yake, Samsuddin, aliyekuwa wakala, alihitaji mtu wa kuyadaka, na Kalam akawa mdakaji. Mpaka uzeeni alikuwa akikumbuka raha ya ujira wake wa kwanza. Tena katika siku hizo hizo za vita, vyakula vikiuzwa kwa mgao, alikaa kula chapati, mama yake akimwongezea moja baada ya moja. Alipomaliza, kaka yake alimwita pembeni akamwambia kwamba amekula mpaka fungu la mama. Kalam alisema alitetemeka kwa fadhaa, akamkimbilia mama yake na kumkumbatia.

Wale wenye kuomba kupunguziwa vipindi, tunawaachia ratiba hiyo waitazame wenyewe.

Kofia na benchi la nyuma

Akiwa darasa la tano alivaa kofia iliyomtambulisha kuwa ni Muislamu, na alikaa benchi la mbele pamoja na rafiki yake Ramanadha Sastry, mtoto wa kuhani mkuu wa lile hekalu. Akaja mwalimu mgeni. Hakupendezwa kuona mtoto wa kuhani amekaa bega kwa bega na mtoto wa Kiislamu, akamwamuru Kalam ahamie nyuma. Kalam aliona uchungu, lakini aliyelia ni rafiki yake aliyebaki mbele. Kila mmoja akaenda kueleza kwao.

Kuhani Lakshmana Sastry alimwita mwalimu yule, na mbele ya watoto wote wawili akamwambia asipandikize sumu ya ubaguzi katika vichwa vya watoto wasio na hatia. Ama aombe radhi, ama auhame mji. Mwalimu aliomba radhi, na Kalam anasema alibadilika kweli. Sisi tunaofundisha tunakipenda kisa hiki na pia kinatutisha. Neno moja la mwalimu, kaa kule, mtoto hulibeba miaka sitini.

Bangili za Zohara

Baada ya kumaliza shahada ya fizikia katika chuo kimoja cha Tiruchirappalli mwaka 1954, Kalam aligundua kwamba moyo wake ulikuwa kwenye ndege. Alichaguliwa kuingia Chuo cha Teknolojia cha Madras, mji ambao siku hizi unaitwa Chennai. Ada yake ilikuwa kama rupia 1,000, na baba yake hakuwa nazo. Dada yake, Zohara, alivua bangili zake na mkufu wake wa dhahabu, akaviweka rehani. Kalam aliapa kuvikomboa kwa pesa za jasho lake, na njia pekee aliyokuwa nayo ilikuwa kusoma mpaka apate msaada wa masomo.

Msaada huo aliupata, kisha nusura umponyoke. Walipewa kazi, yeye na wenzake, ya kubuni ndege ya kivita. Mkuu wa chuo, Profesa Srinivasan, aliitazama kazi yao siku ya Ijumaa akasema hairidhishi. Kalam akaomba mwezi mmoja. Profesa akampa siku tatu, na kama Jumatatu asubuhi michoro haitakuwa tayari, msaada wa masomo umekwisha. Kalam hakula chakula cha usiku, alibaki kwenye meza ya kuchorea, na Jumapili profesa akapita kumchungulia. Alipoiona kazi alimkumbatia, akakiri kwamba alimpa muda ambao hakutaraji atauweza.

Watu husimulia zaidi kisa cha profesa. Sisi tunaona kwamba bangili za Zohara ndizo zilizomfikisha kwenye meza ile. Na tunawauliza wazazi waliopo hapa: katika nyumba zetu, mali ya binti huuzwa mara nyingi kwa ajili ya masomo ya kaka, je, ya kaka imewahi kuuzwa kwa ajili ya masomo ya binti?

Alipofeli

Ndoto ya Kalam ilikuwa kuwa rubani. Alipomaliza chuo alisafiri mpaka Dehra Dun, kaskazini, kwenye usaili wa Jeshi la Anga. Waombaji walikuwa 25, nafasi 8. Yeye alishika nafasi ya 9.

Wanafunzi mliofeli kwa alama moja mnaijua hali hiyo. Kalam hakujifanya kwamba hakuumia. Alikwenda mpaka Rishikesh, kwenye ukingo wa mto Ganges, akazungumza na mzee mmoja wa Kihindu aliyemliwaza kwamba huenda hakuandikiwa kazi ile na aitafute aliyoandikiwa. Kisha alirudi Delhi akachukua kazi nyingine aliyokuwa ameiomba, kwenye idara ya serikali iliyoshughulikia ufundi wa ndege. Hakurusha ndege; alikwenda kuziunda. Baada ya miaka michache akaingia katika timu changa ya roketi huko Thumba, kijiji cha wavuvi katika jimbo la Kerala, kilichochaguliwa kwa kuwa kipo karibu na ikweta ya sumaku ya dunia. Ofisi yao ya kwanza ilikuwa kanisa ambalo Wakristo wa pale walikubali kulitoa, na vipande vya roketi vilibebwa kwa baiskeli. Tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya kwanza iliruka.

Mwaka huo huo alikuwa amepelekwa Marekani kujifunza. Katika kituo kimoja cha roketi huko aliona ukutani picha ya vita, na warusha roketi waliochorwa hawakuwa wazungu. Alipoisogelea akakuta ni askari wa Tipu Sultan wa Mysore wakipigana na Waingereza. Tipu, mfalme Muislamu, aliuawa mwaka 1799, na roketi zake za bomba la chuma zilikuwa zimewatia Waingereza hofu kubwa. Kumbe kwao walikuwa wamemsahau, wageni wamemtundika ukutani!

Tunakuja sasa kwenye siku ambayo tungependa kila mkubwa wa kazi aijue. Kalam alikuwa kiongozi wa mradi wa SLV-3, roketi ya hatua nne, yenye urefu wa mita 23 na uzito wa tani 17, iliyokusudiwa kuweka setilaiti angani. Tarehe 10 Agosti 1979 ilikuwa tayari huko Sriharikota. Dakika chache kabla ya kuruka, kompyuta ilisimamisha hesabu na kuonya kuna kasoro. Wataalamu waliokuwa nyuma yake walimhakikishia kwamba mambo yatakwenda sawa. Kalam akaipuuza kompyuta, akaamuru roketi iruke. Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikapoteza mwelekeo, na baada ya sekunde 317 kazi ya miaka mingi ikaanguka katika Ghuba ya Bengal. Asidi ilikuwa imevuja katika mfumo wa kuiongoza hatua ya pili.

Waandishi wa habari walikuwa wakingoja. Mkuu wa shirika la anga, Profesa Satish Dhawan, alimchukua Kalam mpaka mbele yao, akasema yeye mwenyewe. Alisema wameshindwa, kwamba dhamana ni yake, na kwamba timu yake ni nzuri na itafaulu. Hakumtaja Kalam. Tarehe 18 Julai 1980 walijaribu tena, na setilaiti ya Rohini, yenye uzito wa kilo 35, ikakaa katika njia yake. Safari hii Dhawan alimwambia Kalam aende yeye akazungumze na waandishi.

Tunakiri kwamba sisi walimu aghalabu hufanya kinyume. Wanafunzi wakishinda mashindano ya kuhifadhi, madrasa yetu imeshinda. Wakishindwa, watoto wa siku hizi hawasikii.

Mkono wa baba

Baada ya setilaiti, Kalam alihamia utafiti wa ulinzi na kuongoza kazi ya makombora, Prithvi na Agni, na mwaka 1998 alikuwa miongoni mwa wakuu wa majaribio ya nyuklia ya Pokhran. Hatutaificha sehemu hii, wala hatuwaombi muishangilie. Wapo wanaoiona ni ngao ya nchi yake na wapo wanaoiona ni balaa kwa majirani, na sisi hatujaona silaha ya namna hiyo inavyoweza kuwa jambo la kufurahisha watoto. Vilevile wapo Waislamu waliomlaumu kwa jinsi alivyokuwa karibu na vitabu na muziki wa Kihindu. Hatumleti hapa kama mwalimu wa fiqhi.

Tunachokitamani zaidi ni hiki. Daktari wa mifupa wa hospitali moja ya Hyderabad alifika kwenye maabara yao, akakishika kile kitu chepesi kilichotumika katika kombora la Agni, akamchukua Kalam wodini akaone watoto waliopooza. Watoto wale walikuwa wakijikokota na vyuma vya miguu vya kilo tatu na zaidi. Timu yake iliwatengenezea vingine vya kama gramu 300. Kalam alisema kuwaona watoto wale wakikimbia, na wazazi wao wakitokwa na machozi, ndiko kulikompa furaha kubwa.

Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa Rais wa India, akakaa mpaka 2007. Septemba 2004 alizuru Tanzania, akafika na Zanzibar. Lakini habari za Ikulu hazieleweki mpaka turudi Rameswaram kidogo. Baba yake alipochaguliwa kuongoza baraza la mji, mtu mmoja alileta zawadi wakati mzee yupo kwenye swala, na Kalam, bado mtoto, akaipokea. Mzee aliporudi alikasirika, akampiga; Kalam anasema hakuwahi kupigwa kabla ya siku ile. Kisha akamshika bega na kumweleza kwamba mwenye cheo Mwenyezi Mungu amekwisha mpangia riziki yake, na akichukua cha ziada kwa sababu ya cheo hicho, hicho si halali.

Basi mwaka 2006 jamaa zake zaidi ya 50 walikwenda kumtembelea Ikulu. Walipoondoka, Kalam alitaka hesabu ya kila chumba na kila chakula, akalipa kutoka mfukoni mwake zaidi ya rupia laki tatu. Na katika Ramadhani ya kwanza ya urais wake alikataa ile futari ya wakubwa iliyozoeleka, akasema wanaoalikwa wote wana chakula majumbani kwao. Pesa zikanunua vyakula na mablanketi kwa nyumba za mayatima, naye akaongeza rupia laki moja zake, akimtaka katibu wake asimwambie mtu.

Tarehe 27 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 83, alikuwa safarini kwa gari kwenda Shillong kuwafundisha wanafunzi wa chuo. Katika gari la mbele alisimama askari mwenye bunduki, akasimama zaidi ya saa mbili. Kalam alituma ujumbe mara kadhaa kijana yule aketi, haikuwezekana. Walipofika alimtafuta, akampa mkono, akamuomba radhi kwa kusimamishwa muda wote ule kwa ajili yake, akamuuliza kama angependa kula kitu. Kijana akamjibu kwamba kwa ajili yake angeweza kusimama hata saa sita.

Kisha akaingia ukumbini, akaanza somo, na baada ya dakika chache akaanguka mbele ya wanafunzi. Alizikwa tarehe 30 Julai huko huko Rameswaram, kisiwani kwao.